Picha za safari: jinsi ya kuwaonyesha wenzako na kupata maoni ya kufanyia kazi

Ukirusha picha arobaini za safari ya Kondoa kwenye grupu la WhatsApp bila neno hata moja, utarudishiwa vidole gumba, alama za moto na "picha kali sana kaka". Walioandika hivyo wanakupenda, lakini wengi wao wameziangalia wakiwa wamesimama kituoni wanasubiri daladala, sekunde mbili kila picha. Hukuwauliza kitu, nao hawakuwa na cha kujibu.

Picha inayotaka maoni huandaliwa. Inachaguliwa, inatengenezewa faili linalofaa, inapewa maelezo na swali, kisha inawekwa mbele ya watu wachache wenye muda. Na maoni yenye faida ni yale unayoweza kuyafanyia kazi, ama jioni ileile kwenye simu, ama kwa kurudi mahali palepale na kamera. Mengine ni salamu. Hatua zifuatazo ni za wapiga picha wa ridhaa wa Dodoma, Kondoa, Singida na Manyoni, wawe na kamera kubwa au simu tu.

1. Tafuta watu sita

Sita wanatosha. Hesabu ni hii: watu 6, kila mmoja na picha 3, kila picha dakika 6, jumla dakika 108. Mnamaliza chini ya saa mbili na akili bado ziko macho. Mkizidi wanane, wawili watatu wataongea na waliobaki watakuwa wasikilizaji.

Kati ya hao sita, awepo angalau mmoja asiyepiga picha kabisa: fundi cherehani, muuguzi, mwalimu wa shule ya msingi, yeyote anayependa kutazama. Mpiga picha mwenzako atakuambia kuhusu lenzi. Huyu mwingine atakuambia kwamba hajaelewa yule mama ameshika nini, na hilo ndilo ulilohitaji kulisikia.

Kaeni ndani au kwenye baraza yenye kivuli. Bustani ya Nyerere Square inafaa kupigia picha, haifai kuziangalia, kwa sababu jua hufuta kioo cha simu na kila picha huonekana ya giza. Siku ileile kila mwezi ni rahisi kukumbuka kuliko "tutapangiana".

2. Punguza mia tatu ziwe tatu

Usichague siku uliyorudi. Siku hiyo bado unakumbuka kilima ulichopanda na kiu uliyokuwa nayo, na picha iliyokugharimu jasho inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Zihamishe, tengeneza nakala, uziache siku tatu.

Kisha pitia kwa raundi. Raundi ya kwanza ni ya makosa ya wazi: kuza kila picha hadi asilimia 100 na uangalie macho ya mtu au kitu kikuu. Kama kope hazisomeki, weka pembeni. Raundi ya pili ni ya zinazofanana. Ukiwa na picha tisa za kundi lilelile la mbuzi, ziweke tatu tatu, chagua moja kwa kila tatu, halafu moja kati ya zile zilizoshinda. Kwa kawaida unabaki na kama kumi na mbili. Ya mwisho ni ngumu zaidi: kati ya hizo chagua tatu ambazo una shaka nazo au una swali juu yake. Picha unayojua imekamilika mpelekee mama nyumbani, atafurahi. Kwenye meza ya maoni inakula dakika sita za bure.

Hakikisha nakala ziko mahali patatu kabla ya kufuta chochote kwenye memori kadi: kwenye simu au kompyuta, kwenye diski ya nje, na nyingine katika nyumba tofauti au akaunti ya mtandaoni. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha mahali na namba, kwa mfano 2025-08-16_mpunguzi_014. Miaka miwili baadaye utakapotaka kulinganisha, zitajipanga zenyewe.

3. Tengeneza faili la kutazamwa

Kwa kioo cha simu au televisheni, upande mrefu wa pikseli (nukta zinazounda picha) 2048 unatosha. Hifadhi kama JPEG kwa ubora wa 80 hadi 85, na kwenye mfumo wa rangi wa sRGB. Ukiacha mfumo mwingine, kama Adobe RGB ambao kamera nyingi huuweka kama chaguo, rangi zinaweza kupauka kwenye simu za wenzako na utapewa maoni ya rangi ambazo hukuzipiga. Faili la namna hii kwa kawaida halifiki MB 2, kwa hiyo halimalizi bando la mtu.

Kwa picha za kusafisha studio hesabu ni tofauti. Chapa nzuri ya kushika mkononi inataka pikseli 300 kwa kila inchi. Simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ukikata ukabakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, umebaki na 2000 kwa 1500, yaani megapikseli 3 tu, zinazotosha chapa ya kama sentimita 17 kwa 13. Ndiyo maana ile picha ya tembo iliyovutwa kwa vidole viwili kwenye kioo inatoka studio ikiwa kama imechorwa kwa chaki. Kwenye simu nyingi, kuvuta zaidi ya uwezo wa lenzi zake ni kukata picha mapema tu.

Tunapendekeza angalau mara moja kwa miezi mitatu mkutane na chapa za karatasi, hata za saizi ya postikadi. Picha za karatasi mnaweza kuzitandaza mezani, kuzihamisha na kuziweka mbili sambamba, na hakuna kioo cha mtu kinachong'aa kuliko cha mwingine.

Mkitumia televisheni, toeni kwanza ile hali ya rangi kali ambayo TV nyingi huwa nayo zinapotoka dukani, mchague hali ya sinema. Kwenye simu zimeni hali ya kulinda macho, inayogeuza kila kitu kuwa cha manjano, na mwanga wa kioo muuweke katikati.

4. Andika maelezo, kisha swali moja

Maelezo yawe mafupi na yenye vitu vya kushika: mahali, mwezi, saa, kinachofanyika, na vipimo vya kamera, yaani urefu wa lenzi, ukubwa wa tundu lake (f), kasi ya kupiga kwa sehemu ya sekunde, na wepesi wa kunasa mwanga (ISO). Mfano:

*Mpunguzi, Dodoma, Agosti, saa 1:10 asubuhi. Mvunaji anakata kichala cha zabibu kwa mkasi. Lenzi ya mm 50, f/4, 1/250, ISO 400.*

Kutokana na mstari huo mwenzako tayari anajua kwamba jua lilikuwa limetoka nusu saa tu, na kwamba 1/250 ingetosha kusimamisha mkono unaokata taratibu. Kama mkono umetoka na ukungu, atatafuta sababu kwenye fokasi. Hilo limekuokolea dakika tatu za kubahatisha.

Halafu swali. "Mnaionaje?" si swali, linaleta "nzuri". Uliza kitu kinachojibika kwa kutazama: Je, jicho lako linafika kwenye mkasi? Nikate upande wa kulia hadi kwenye nguzo ya waya? Hii ya wima na hii ya ulalo, ipi inaonyesha vizuri kwamba shamba ni kubwa? Swali moja kwa picha moja.

5. Tuma bila kuibana

WhatsApp hubana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida. Kingo hulainika, anga hupata mistari, na mwenzako atakulaumu kwa fokasi mbaya isiyokuwepo. Tuma kama waraka: gusa alama ya kiambatisho, chagua Waraka, kisha lile faili la pikseli 2048. Telegram nayo ina njia ya kutuma kama faili.

Kuna jambo la kuangalia hapa. Picha iliyotumwa kama waraka huenda na taarifa zake zote za ndani, ikiwemo mahali ilipopigwa kama simu yako ilikuwa inarekodi mahali. Kwa picha za nyumba ya mtu, mtoto, kiota cha ndege au pango lenye michoro lisilo na mlinzi, ondoa taarifa hiyo kwanza. Kwenye simu nyingi unafungua maelezo ya picha na kufuta mahali, au unachagua kutojumuisha mahali unapotuma.

Tuma siku mbili kabla ya kukutana, si usiku wa kuamkia. Mtu aliyeiangalia picha mara mbili kwa siku tofauti huona vitu ambavyo hakuviona mara ya kwanza.

6. Kuketi mezani

Hapa ndipo makundi mengi huharibikia, na sababu kubwa ni adabu yetu wenyewe. Mzee akishasema "hii ni nzuri sana, kijana wangu", nani mdogo ataanza kuonyesha kasoro? Kwa hiyo kila picha ianze kwa kuandika. Iwekeni mbele kwa sekunde kumi, iondoeni, kila mtu aandike kwenye karatasi yake neno moja au mawili: jicho lake lilitua wapi kwanza. Halafu someni kwa zamu, mdogo kwa umri akianza na mkubwa akimalizia. Heshima haipungui kwa mpangilio huu. Mzee anabaki na neno la mwisho, na vijana wameshasema walichokiona.

Mwenye picha ananyamaza dakika tatu za mwanzo. Ni ngumu, lakini ndiyo kanuni yenye faida kuliko zote. Akianza kueleza ("hapo kulikuwa na ng'ombe wengine kushoto"), wenzake wataanza kuona ng'ombe wasiokuwepo.

Baada ya kusoma karatasi, zungukeni kwa mambo matatu kwa mpangilio: picha inasema nini, nini kinazuia isiseme vizuri, kitu kimoja tu cha kufanya. Kimoja. Mtu akipewa mapendekezo saba anarudi nyumbani bila kufanya hata moja.

Tuchukue picha ya namna inayopigwa sana huku: mama anauza zabibu kando ya barabara. Yuko katikati ya fremu, amekaa kwenye kigoda, mbele yake kuna beseni la zabibu nyeusi, nyuma yake gari jeupe limeegeshwa, na kushoto chini kuna ndoo nyeupe ya plastiki. Karatasi zinasomwa: "ndoo", "ndoo", "gari", "uso", "ndoo". Hakuna aliyeandika zabibu. Sasa sikiliza tofauti ya maoni mawili.

La kwanza: "Dada, background imekuharibia, ila picha ni nzuri." Halimsaidii. Kimeharibika nini, atarekebisha nini?

La pili: "Dada, jicho langu linakwenda kwenye ndoo kwa sababu ndicho kitu cheupe kuliko vyote na kiko pembeni ya fremu. Ukikata kushoto kiasi cha vidole viwili, ndoo inatoka na mama anahama kutoka katikati. Gari litabaki. Hilo lingehitaji upige magoti na kusogea hatua mbili kulia, ili nyuma yake ipate ule ukuta wa udongo." Ametaja alichokiona, ametaja sababu, ametenganisha kinachorekebishika kwenye simu na kinachohitaji kurudi. Dada anatoka na kazi mbili zinazojulikana.

Kutoa maoni ya namna ya pili kunataka mazoezi, na mwanzoni sentensi zitakuwa nzito. Anzeni na "jicho langu" badala ya "picha yako". Maneno kama kali, poa, imekaa vizuri, yaruhusiwe mkishamaliza, maana mtu anahitaji pia kutiwa moyo. Lakini hata sifa iwe na mahali: "Napenda jinsi mwanga unavyopita kwenye zabibu tatu za juu hadi zinaonekana kama kioo." Mpiga picha akisikia hivyo anajua cha kurudia.

Msimguse mtu. Zungumzieni kilichomo ndani ya fremu. Na kama mtu ni mgeni wa kundi, picha yake isiwe ya kwanza. Aone kwanza ya mwenyeji ikipasuliwa.

7. Kasoro zinazojirudia katika picha za huku

Ukijua orodha hii unaweza kujikagua kabla ya kutuma, na dakika za mezani zikaenda kwenye mambo mazito zaidi.

*Jua la mchana.* Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Mwanga laini wa asubuhi unakaa kama dakika arobaini tu. Jua huchomoza kati ya saa 12:10 na saa 12:45 asubuhi kutegemea mwezi, na kuzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni. Fika nusu saa kabla. Ukifika saa 3 asubuhi juu ya Mlima Simba, utapata mji wote ukiwa bapa na weupe. Mchana, karibu saa 6:30 jua linapokuwa juu kabisa, matundu ya macho ya watu hujaa kivuli cheusi. Waombe wasogee chini ya mwembe au barazani, wakitazama upande wenye mwanga wazi.

*Nyuso zilizozama.* Kamera hupima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe, kamera inaogopa anga na uso unakuwa kivuli. Ongeza ekspoja (kiasi cha mwanga kwenye picha) kwa +1, au gusa uso kwenye kioo cha simu kisha usogeze alama ya jua juu. Kinyume chake, uso ukijaza fremu nzima, kamera hudhani kuna giza na kuung'arisha hadi ngozi inakuwa ya kijivu. Hapo punguza -0.7. Watu wengi wanajua kosa la kwanza tu, na wanaongeza mwanga hata pasipohitajika.

*Vumbi.* Madoa ya kijivu ya mviringo angani, mahali palepale kwa kila picha, ni vumbi kwenye sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachonasa picha. Jipime: piga anga tupu kwa f/16, ukuze. Tumia pampu ya mpira ya kupulizia, usipulize kwa mdomo, mate hukauka na kuganda. Kiangazi badilisha lenzi ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa, kamera ikitazama chini. Kwenye simu kosa ni jingine: mafuta ya kidole kwenye lenzi huifanya taa au jua kuwa na utando wa mng'ao. Futa kwa kitambaa safi cha pamba kila unapoitoa mfukoni.

*Vilima vilivyopauka.* Kuanzia karibu Julai hadi Oktoba upepo hunyanyua vumbi na milima ya mbali huwa kijivu. Kuongeza kontrasti kwenye simu hakurudishi kilichofichwa. Kunaleta chembechembe tu. Weka kitu cha karibu mbele, ndani ya mita tano, kilima kiwe mandhari. Au subiri: kati ya Desemba na Aprili, asubuhi baada ya mvua ya usiku, Bonde la Ufa linaonekana hadi mbali.

*Udongo mwekundu kama rangi ya mlango.* Simu hujiongezea rangi, na nyekundu ndiyo ya kwanza kufurika. Ikifurika, alama za kwato na mikunjo ya udongo zinapotea. Punguza ukolezo wa rangi kwa 10 hadi 15, uangalie kama chembe za mchanga zimerudi.

*Mbuyu usio na ukubwa.* Ukisimama mita mbili na lenzi pana, shina linavimba chini na kuchongoka juu. Rudi nyuma hatua arobaini, tumia lenzi ndefu zaidi, na subiri mtu au ng'ombe apite karibu na shina. Bila kitu cha kulinganisha, mbuyu wa mita sita kwa mzingo na mti wa kawaida ni kitu kimoja.

*Dirisha la treni.* Kwenye treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kazi mwaka 2024, watu hupiga kupitia kioo na kupata sura zao wenyewe. Bandika lenzi kwenye kioo, funika pembeni kwa kitambaa cheusi, kasi iwe 1/1000 au zaidi, na ulenge vitu vya mbali, kwa sababu vichaka vya kando ya reli havitatulia hata kwa kasi hiyo. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini, kwa hiyo ukija Dodoma kaa kushoto: mwanga unatoka mgongoni mwako na kuangukia unachokipiga.

Michoro ya miambani ya Kondoa inahitaji maneno zaidi, maana ni hazina na picha zake nyingi hazionyeshi kitu. Eneo hilo, lenye miamba zaidi ya 150 yenye michoro, liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Ofisi iko Kolo, kwenye barabara kuu iendayo Babati. Huko ndiko unapolipa kiingilio na kupata mwongozaji. Michoro mingi ni ya rangi nyekundu iliyofifia juu ya mwamba wa kahawia, na tofauti hiyo ni ndogo mno. Usitumie flashi: inapiga mwamba mbele kwa mbele na kufuta hata kidogo kilichopo. Usimwage wala kupaka maji ili rangi ing'ae, hata kama umesikia watu wa zamani walifanya hivyo. Maji huacha chumvi na kula rangi, na hasara yake hairekebishiki. Subiri mwamba uwe wote kivulini, kwa sababu nusu jua nusu kivuli huishinda kamera. Piga kwanza karatasi nyeupe kwenye kivuli kilekile ili upate kipimo cha rangi nyeupe, kisha piga mchoro ukiwa umesimama sambamba na uso wa mwamba. Tumia tripodi au pumzisha kamera kwenye begi. Kamwe usiegemee mwamba wenye michoro.

Unapoleta picha hizi mezani, leta mbili: moja kama ilivyotoka kwenye kamera, nyingine uliyokoleza wekundu ili maumbo yaonekane, na useme ipi ni ipi. Picha iliyokolezwa ikisambaa bila maelezo, mgeni atafika Kolo akitafuta rangi ambayo mwamba hauna, na atamlaumu mwongozaji. Swali zuri la kuwauliza wenzako ni hili: mmeona watu wangapi kwenye mchoro? Wakihesabu idadi tofauti na uliyoona kwa macho, picha bado haijasoma mwamba.

8. Ruhusa

Salimia kwanza, kamera ikiwa begani. Kwa wazee wa Kigogo "mbukwenyi" hufungua mlango ambao lenzi haiufungui, na shikamoo haijawahi kumpunguzia mtu picha. Eleza kwamba picha itaonyeshwa kwa watu wengine. Mtu anaweza kukubali kupigwa na akakataa kusambazwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalichukulia jambo la taarifa za mtu kwa uzito. Kwa mtoto, pata kibali cha mzazi au mlezi. Ukiahidi kumletea picha, safisha na umpelekee. Kijiji kinamkumbuka aliyeahidi na asiyerudi, na mpiga picha anayefuata ndiye anayelipa.

Dodoma ni makao makuu ya serikali. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, Ikulu ya Chamwino na majengo yenye walinzi, usipige bila kuruhusiwa. Muulize mlinzi, akikataa mshukuru uondoke. Droni zinahitaji vibali, kikiwemo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na unavitafuta wiki kadhaa kabla ya safari.

Picha ya mwenzako iliyoletwa mezani ni ya mwenzako. Usiihamishie grupu lingine, hata kwa nia ya kumsifia, mpaka aseme ndiyo.

9. Kuyachambua maoni na kurudi

Wakati wenzako wanaongea, andika yote bila kujitetea. "Ungekuwepo ungeona" ni kweli, lakini mtazamaji hatakuwepo kamwe. Nyumbani gawa uliyoandika katika safu tatu: ya kurekebisha kwenye simu (kukata, kunyoosha mstari wa upeo, kuangaza uso), ya kurudi kupiga upya (mahali uliposimama, saa, mandhari ya nyuma), na ya ladha tu. Kasoro iliyotajwa na watu watatu kati ya watano ifanyie kazi hata kama hukubaliani nayo, angalau kwa nakala. Iliyotajwa na mmoja, iache ikae wiki. Ya ladha ni yako mwenyewe. Kundi likitaka kila picha iwe na jua linalozama, una haki ya kukataa.

Safu ya pili ihamishie kwenye kalenda, kwa sababu vitu vya huku vina msimu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Ukikosa moja una miezi mitano ya kusubiri. Mbuyu usio na majani unataka kiangazi. Andika pia hatua ulizosimama: "hatua mbili kulia, kupiga magoti, ukuta nyuma, saa 1 asubuhi." Ukifika shambani tena baada ya nusu mwaka, karatasi hiyo ndogo ina thamani kuliko kumbukumbu.

Ukipata picha mpya, ilete mezani pamoja na chapa ya ile ya zamani, ziweke sambamba bila kusema ipi ni ipi, na muanze na zile karatasi tena: jicho lako limetua wapi kwanza?